Utatuzi wa maswali ya fizikia

Utatuzi wa maswali ya fizikia ni kazi ya kulichukua tukio lililosimuliwa kwa maneno, kama jiwe linalodondoka au gari linalofunga breki, kuitambua kanuni inayolitawala, na kutoka hapo kufikia mlinganyo na jibu. Kukokotoa ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Wanafunzi wengi hukwama kabla ya kufika huko. Wengine hupotea baadaye, kwa kuamini upesi kile kikokotoo kilichowaonyesha.

Mwaka 1981 watafiti wa Marekani Michelene Chi, Paul Feltovich na Robert Glaser walichapisha utafiti ambamo watu walipewa maswali ya umakanika wayapange kwa mafungu. Wanagenzi walifuata picha: yenye mteremko huku, yenye springi kule. Wabobezi walifuata kanuni: haya ni ya uhifadhi wa nishati, yale ya sheria ya pili ya Newton, hata kama michoro yake haifanani.

Tofauti hiyo huonekana swali likiwa na mtego. Kigari kinaachiwa kiteleze bila msuguano kwenye mteremko uliopindapinda, kutoka kimo cha mita 20. Kasi yake chini ni ipi? Aliyenaswa na umbo la mteremko atahangaika kutafuta pembe ambayo hakupewa. Anayeiona nishati ataandika mgh = ½mv², tungamo litajikata lenyewe, na kwa g ya 9.8 atapata kama mita 19.8 kwa sekunde. Jiwe likiachiwa lidondoke wima kutoka kimo hichohicho hufika na kasi ileile, hewa isipohesabiwa.

Pale nishati isipotosha, huchorwa mchoro wa kani. Kosa sugu hapa ni kuchora "kani ya mwendo" inayokisukuma kitu mbele kwa sababu tu kinakwenda. Kila mshale lazima uwe na mwenyewe: dunia, kamba, sakafu. Usio na mwenyewe ufutwe.

Herufi zibaki herufi hadi mwisho, maana tarakimu zikiingizwa mapema huficha makosa. Mchapuko wa boksi linaloteleza kushuka mteremko ni g(sin θ − μ cos θ), μ ikiwa kipimo cha msuguano. Pembe ikifika nyuzi 90 hubaki g, yaani kudondoka huru. Ikiwa 0 hubaki −μg: boksi lililokuwa likiteleza linapunguza kasi. Mlinganyo ungetoa kinyume, ungejishtaki wenyewe.

Mwanahisabati George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu utatuzi, aliufanya ukaguzi wa jibu kuwa hatua ya nne na ya mwisho. Muda wa mtihani ukibana, hatua hiyo ndiyo hurukwa kwanza, ingawa kukagua vizio peke yake ni kazi ya nukta chache. Si wanafunzi tu huiruka: mwaka 1999 chombo cha Marekani Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa ratili na nyingine ikazisoma kama nyutoni, tofauti ya mara 4.45 hivi.