Kalata-kalata: chai ya reli ya Kasai

Leo naandika habari ya chai.

Hapa Kamina reli inagawanyika, na njia moja inakwenda Kasai. BCK waliifikisha Port-Francqui (Ilebo ya leo) mwaka 1928. Nkambo wangu alikuwa akisema treni za Luluabourg, yaani Kananga, zilileta watu, mihogo na majani ya mama anayechelewa kuzaa. Mimi niliyesoma biolojia nilimcheka. Dawa ya uchungu ya lupitalo ni oksitosini, homoni ambayo Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabarani mwaka 1953. Inadungwa, kwa sababu ukiinywa tumbo linaisaga kama nyama. Hata damu ya mjamzito inaikata: kondo la nyuma linatoa kimeng'enya, oksitosinasi, kinachoinyofoa kuanzia kichwani. Jeni yake, LNPEP, iko kwenye kromosomu ya 5. Watafiti wa Japani waliisoma mwaka 1996.

Sasa chai ya kuchemsha ingepita wapi?

Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, alikuwa ameona kitu hicho hicho kule Kasai. Wanawake walichemsha mmea, kalata-kalata (Oldenlandia affinis), wakanywa ili uchungu uende mbio. Mwaka 1973 alichapisha habari ya peptidi aliyoitoa humo, ile inayoitwa leo kalata B1. Maji ya moto hayakuiharibu! Mwaka 1995 umbo lake likajulikana: amino asidi 29, kichwa kimeungwa na mkia, kisha vifungo vitatu vya salfa vimekaza katikati. Njo maana kimeng'enya kinachoanzia kichwani kinakosa pa kushika. Mwaka 2013 watafiti wakaonyesha kwamba peptidi za jamii hiyo zinagusa kipokezi cha oksitosini chenyewe.

Sisemi mama ainywe leo, hapana. Chai haina kipimo, na uchungu ukizidi nguvu mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Nkambo naye alijua: "Kikombe kidogo, na mzee akiwa karibu."

Kinachoniuma ni majina. La Gran tunalo, la mmea tunalo. Wale bamama waliochemsha mbele yake, katika yote niliyosoma sijaona jina la hata mmoja. Nkambo naye hakuwahi kunionyesha jani. Alikufa kabla sijaacha kucheka, na sikumuuliza ni nani aliyekuwa akimshushia mzigo ule pale gare.