Mtoto na ngazi za umeme: Ashikwe vipi, na akiumia nani anawajibika?

Masoko, wilayani Rungwe, ni nchi ya milima, migomba na ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano. Mtoto wa huku anajifunza mapema kushuka mteremko wenye utelezi. Ila ngazi za umeme si kitu atakachokikuta sokoni Masoko wala Tukuyu mjini. Atakutana nazo safarini, ghafla, pengine usingizi bado uko machoni.

Na safari hiyo siku hizi ni ya kawaida. Familia inatoka Tukuyu, inapanda basi Mbeya hadi Dodoma, kisha inachukua treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Treni hiyo ilizinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, na stesheni zake kubwa zina ngazi za umeme. Zipo pia Terminal 3 ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere na kwenye baadhi ya maduka makubwa ya ghorofa.

Mgeni wa ngazi hizi si mtoto peke yake. Mara nyingi hata mzazi anazipanda kwa mara ya kwanza. Na likitokea la kutokea, swali la kwanza linalosikika ni: "Mama yake alikuwa wapi?" Ni swali la haki, ila ni nusu tu ya maswali yanayotakiwa kuulizwa.

Hatari iko wapi?

Ngazi za umeme ni mnyororo wa vidato unaozunguka bila kusimama. Nyingi hutembea kama nusu mita kwa sekunde. Kwa mtu mzima ni mwendo wa pole, lakini kwa mtoto wa miaka 3 ni kukanyaga kitu kinachomkimbia.

Sehemu tatu ndizo za kuangalia:

- Pembeni. Kati ya kidato na ukuta wa pembeni kuna mwanya. Viwango vya Ulaya vinataka usizidi milimita 4 kila upande. Ni mdogo, lakini kiatu laini au pindo la nguo linaweza kuvutwa humo.
- Mwanzo na mwisho. Vidato huzama chini ya bamba la chuma lenye meno kama ya kitana. Anayeburuza mguu badala ya kuunyanyua anaweza kunasa hapo.
- Mkanda wa kushikia. Nao unatembea, na mwisho wake unaingia ndani. Vidole vya mtoto anayechezea hapo viko hatarini.

Utafiti uliofanywa Marekani kuhusu miaka ya 1990 hadi 2002 ulikadiria kuwa watoto na vijana wasiozidi miaka 19 wapatao 26,000 walitibiwa hospitali baada ya kuumia kwenye ngazi hizi. Karibu 12,000 kati yao walikuwa chini ya miaka 5. Kuanguka ndiko kuliongoza. Kwa hao wadogo, zaidi ya theluthi moja waliumia kwa kunaswa.

Angalia kiatu kwanza

Mwaka 2008, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa tahadhari baada ya kupata taarifa za matukio 77 ya viatu kunaswa kwenye ngazi za umeme tangu Januari 2006. Yote, isipokuwa 2, yalihusu viatu laini vya kutumbukiza mguu. Ni jamii ya vile ambavyo watoto wengi wa Kitanzania wanavaa kila siku.

Tatizo ni kwamba mpira laini hushika ukuta wa pembeni, hujikunja, kisha huvutwa na mguu ukiwa ndani. Kamba za raba zinazoning'inia nazo ni hatari.

Kabla ya kukanyaga

- Simama pembeni kidogo, mwonyeshe mtoto vidato vinavyotokea, ndipo mwende.
- Mshike mkono. Asimame katikati ya kidato, uso mbele, miguu mbali na ukuta. Asikae chini hata kidogo.
- Mkifika mwisho anyanyue mguu, kisha ondokeni hapo haraka. Ukisimama kutafuta tiketi, walio nyuma watawaangukia.
- Mtoto aliyebebwa mgongoni ni sawa, mradi ncha za kanga zimefungwa vizuri. Dera au kitenge kirefu kikunjwe juu kidogo.
- Kigari cha mtoto kisipande. Tumia lifti.
- Una mtoto mgongoni, mwingine mkononi na mfuko wa parachichi? Usijaribu. Panda lifti, tumia ngazi za kawaida, au muombe mhudumu akusaidie. Hakuna aibu.
- Ngazi zikiwa zimezimwa, usizichukulie kama ngazi za kawaida. Vidato vyake ni virefu zaidi na vinaweza kuwashwa.

Akinaswa fanya nini?

Bonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha. Kwa kawaida kipo juu na chini ya ngazi, karibu na mkanda. Kama kiko mbali, mpigie kelele aliye karibu nacho. Ni vizuri kukitafuta kwa macho kabla ya kupanda.

Usimvute mtoto kwa nguvu, maana unaweza kuongeza jeraha. Mtulize, mkamate asianguke, na kama kiatu kinavulika kirahisi kivue. Damu ikitoka nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka msaada ufike.

Nani anawajibika?

Inategemea kilichosababisha, na wanaohusika wanaweza kuwa zaidi ya mmoja.

Mzazi au mlezi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa wajibu wa kumlinda mtoto. Aliyemwachia mtoto wa miaka 4 acheze kwenye ngazi huku yeye yuko kwenye simu ana la kujibu.

Mwenye jengo au msimamizi wake. Anatakiwa kuhakikisha ngazi ni salama kwa wanaoingia, na anajua wazi kuwa watoto wataingia. Meno yaliyovunjika, mwanya uliopanuka au kitufe kisichofanya kazi si kosa la mama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, hailindi wafanyakazi tu. Inagusa pia watu wengine wanaoweza kudhurika na shughuli za eneo la kazi.

Fundi au kampuni ya matengenezo. Kama ngazi zilifungwa au kutengenezwa ovyo, naye anaingia.

Kenya imeliandika jambo hili wazi kwenye sheria yake ya wajibu wa wenye majengo, Sura ya 34: mwenye eneo ategemee kuwa mtoto hatakuwa mwangalifu kama mtu mzima.

Kesi mbili za Uingereza zinaonyesha mizani. Mwaka 1922 ilionekana halmashauri ya Glasgow ingeweza kuwajibika baada ya mtoto wa miaka 7 kufa kwa kula matunda yenye sumu kwenye bustani ya umma, kwa sababu yalivutia watoto na hakukuwa na onyo. Lakini mwaka 1955 mtoto wa miaka 5 aliyetumbukia kwenye mtaro akiwa na dada yake wa miaka 7 alishindwa. Jaji alisema mwenye eneo ana haki ya kutegemea kuwa wazazi makini hawaachii watoto wadogo wazurure peke yao. Kesi hizi haziifungi mahakama ya Tanzania, ila zinaweza kutumika kama mwongozo.

Ushahidi hauningojei

Ngazi zikitengenezwa kesho, ushahidi umeondoka. Kwa hiyo, mtoto akishapata huduma:

- Piga picha ngazi, kiatu na jeraha. Andika saa na mahali.
- Chukua namba za simu za mashuhuda.
- Toa taarifa kwa uongozi wa jengo kwa maandishi, na uombe picha za kamera zitunzwe.
- Ripoti polisi upate PF3, na utunze risiti zote za matibabu.

Kwa madai ya fidia ya aina hii, Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3. Mtoto hafungui kesi mwenyewe, husimamiwa na mtu mzima. Kama anayedaiwa ni shirika la umma, inatakiwa notisi ya siku 90 kwanza. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Hayo yote ni ya baada ya kuumia. Kabla yake kuna moja rahisi: kabla basi halijaondoka Tukuyu, mvalishe mtoto viatu vinavyombana vizuri, na mwambie kuwa ngazi atakazozikuta mbele zinatembea zenyewe, kwa hiyo asiachie mkono.