Kigogo chenye magurudumu mawili

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, na safari hii si kosa la umeme. Ni mashua.

Ami yangu alinunua mashua ya mtumba pale Gazi, ukitoka Ukunda kabla hujafika Msambweni. Mwenyewe wa kwanza alifunga injini, akang'oa mlingoti. Ami anataka kurudisha tanga, maana mafuta yanakula faida yote ya samaki. Katika kusafisha tukakuta kigogo cha mti mgumu, urefu wa mkono kutoka kiwikoni: ndani magurudumu mawili ya mbao, juu tundu kubwa. Kijana mmoja akasema ni nanga ya kale. Mwingine akasema ni kuni. Nikakipiga picha nikatafuta kwenye intaneti, nikaletewa vyuma vya boti za matajiri wa Ulaya.

Jibu nililipata katika kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903. Ni gofia! Kamba nene inayobeba foromali, ule mti wa tanga, inaitwa henza. Henza hupanda hadi juu ya mlingoti, hupita kwenye gurudumu na kushuka upande wa pili, na huko chini ndiko inakofungwa gofia. Kamba nyembamba inayozunguka kati ya gofia na kapi la chini ni jarari. Gofia ya magurudumu mawili ikivutwa na nyuzi nne za jarari, foromali ya kilo 120 inahitaji nguvu ya kilo 30 tu, ongeza kidogo kwa msuguano. Malipo yake ni kamba: unavuta mita nne ili foromali ipande mita moja.

Niruhusuni nitoke nje kidogo. Makapi ndiyo yaliyoleta moja ya viwanda vya kwanza vya kutengeneza vitu vingi kwa mashine. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji makapi kama 100,000 kwa mwaka. Marc Brunel akabuni mashine, Henry Maudslay akaziunda, na kufikia 1808 kiwanda cha Portsmouth kilitoa 130,000 kwa mwaka. Watu 10 walifanya kazi ya 110. Magurudumu ya kwetu hayalingani hata ukubwa. Haya ni ya tezo na keekee.

Nikampelekea habari mzee mmoja, nahodha mstaafu, nikijiona msomi. Akacheka. "Mwanangu, hiyo ni nusu ya kazi yake." Henza na jarari hufungwa nyuma ya mlingoti, upande upepo unakotoka, kwa hiyo ndizo pia zinazouzuia mlingoti usianguke. Sisi tulikuwa tumeshafunga kamba mpya mbele, moja kwa moja, bila gofia. "Kusi likivuma," akasema, "mlingoti utawaangukia."

Waandika programu mnaijua hii. Unafuta mstari unaoonekana hauna kazi, kumbe kitu kingine kabisa kilikuwa kinauegemea.

Tukafungua kila kitu, tukaanza upya naye amekaa kwenye mchanga akielekeza. Jumamosi tukapandisha foromali, watu wawili tu. Jarari ni ya nailoni, inateleza mkononi. Ami anatafuta ya makumbi.