Akili Nyingi na Mitindo ya Kujifunza: Nadharia Mbili Zilivyochanganywa

Walimu wengi wa Fasihi tuliofunzwa ualimu tulitoka chuoni na imani kwamba mwanafunzi huyu hujifunza kwa kuona, yule kwa kusikia na mwingine kwa kutenda, na kwamba hayo ndiyo mafundisho ya Howard Gardner. Sivyo.

Chanzo cha Gardner ni mtihani. Mnamo 1905 mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walibuni maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Baadaye, hasa nchini Marekani, mitihani ya aina hiyo iligeuzwa kipimo cha akili ya mtu mzima mzima, kwa nambari moja tu. Ni nambari hiyo Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyoipinga mwaka 1983. Alitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya maumbo na nafasi, ya mwili, ya kuwaelewa wengine na ya kujielewa. Akili ya kuyatambua mazingira aliiongeza miaka ya tisini.

Mitindo ya kujifunza ina asili nyingine. Neil Fleming wa New Zealand alitunga mwaka 1987 hojaji ya njia nne ambazo mtu hupendelea kupokea maarifa. Gardner alizungumzia uwezo, Fleming, mapendeleo. Mwaka 2013 Gardner mwenyewe aliandika kuzitenganisha nadharia hizi. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Harold Pashler na wenzake walikuwa wamechunguza utafiti uliokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo wake huinua matokeo yake. (Hata akili za Gardner zina wapinzani wengi miongoni mwa wanasaikolojia.)

Nayasema haya kwa majuto. Niliwahi kumwita mvulana mmoja wa Kidato cha Pili "mtu wa kutenda". Kila tuliposoma tamthilia nilimpa nafasi ya kuigiza, nikamwondolea mzigo wa kuandika. Aliigiza vizuri mno! Alipofika Kidato cha Nne, Karatasi ya Tatu ilimtaka aeleze sifa za mhusika kwa hoja na mifano, naye hakuwa na aya hata moja ya kujivunia. Lebo ilikuwa yangu, hasara ikawa yake.

Siku hizi naanza na kazi yenyewe. Tarbia ina mishororo minne katika kila ubeti, mara nyingi ya mizani 16, minane ukwapi na minane utao. Mizani husikika kabla ya kuhesabiwa, kwa hiyo darasa zima hulighani shairi, wapende wasipende. Kisha wote huchukua kalamu. Mvulana yule angezipigia mizani makofi kwa furaha, halafu angeketi kama wenzake aandike.