Bweni na Fani: Miaka Sitini ya Job Corps

Wizara ya Kazi ya Marekani ilipotangaza mwishoni mwa Mei 2025 kwamba inasitisha shughuli za vituo vinavyoendeshwa na wakandarasi vya Job Corps, mpango wa serikali unaowafundisha vijana maskini fani huku wakiishi bwenini, ilitoa sababu mbili kuu. Moja ilikuwa usalama: kwa mwaka wa programu wa 2023 wizara ilihesabu matukio makubwa 14,913. Nyingine ilikuwa matokeo: wastani wa waliohitimu ulikuwa asilimia 38.6 tu, na kila mhitimu mmoja aliigharimu serikali zaidi ya dola 155,000. Sababu hizo zilitajwa kama mambo mawili yasiyohusiana, moja la askari wa lango na jingine la mshauri wa ajira, na ndivyo zilivyotenganishwa tangu vituo hivi vianze. Historia yake inakataa mgawanyo huo. Kijana wa miaka 17 anayelala bwenini na mamia ya wenzake, mbali na kwao, hulindwa kwanza na jambo analolitarajia kesho, na hulindwa pia na ukweli kwamba jirani yake wa kitanda cha pili naye ana la kutarajia. Uzio, doria na kanuni vina kazi yake, lakini havijawahi kutosha pale ambapo ahadi ya kazi imekuwa hewa.

Job Corps ilizaliwa na sheria aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson Agosti 1964, ikiwa silaha mojawapo katika vita alivyovitangaza dhidi ya umaskini. Aliyekabidhiwa kuvisimamia vita hivyo ni Sargent Shriver, ambaye alikuwa ameanzisha Peace Corps chini ya Rais Kennedy. Wazo lenyewe lilikuwa na mzazi: katika miaka ya 1930 Rais Roosevelt aliwapeleka vijana wasio na kazi kwenye kambi za Civilian Conservation Corps, wakapanda miti na kujenga barabara za misitu, kila mmoja akilipwa dola 30 kwa mwezi na sehemu kubwa yake kutumwa nyumbani. Ila tofauti ilikuwa kubwa. Kambi za Roosevelt zilitoa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ndiyo lengo. Job Corps ilitoa mafunzo, yaani ahadi kwamba kazi itakuja baadaye, mahali pengine, kwa mwajiri ambaye bado hajajulikana. Anayepanda mti anauona mti. Anayejifunza kuchomelea vyuma anahitaji kuamini kwamba kuna karakana inayomngoja, na imani hiyo ndiyo inayomfanya avumilie kelele za bwenini, chakula asichokizoea na mwalimu mkali.

Waliobuni mpango walilijua hilo kwa kiasi fulani. Kila mwanafunzi alipata posho ndogo ya mwezi, na pembeni akawekewa dola 50 kwa kila mwezi aliokaa, azichukue siku ya kuondoka. Kama alikubali sehemu ya fedha hizo ipelekwe kwa familia yake, serikali nayo iliongeza kiasi kilekile. Ulikuwa utaratibu wa busara, kwani ulimfanya kijana awe na kitu cha kupoteza. Lakini wanasiasa walikuwa na haraka. Ilipangwa vijana 40,000 wapokewe katika mwaka wa kwanza na 100,000 katika wa pili, kabla hata fani hazijachaguliwa wala walimu kupatikana. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Januari 1965 Catoctin, katika milima ya Maryland. Baada ya hapo kambi za jeshi zilizoachwa zilifufuliwa moja baada ya nyingine: Kilmer huko New Jersey, Gary huko Texas, Parks huko California, Breckinridge huko Kentucky. Kijana aliyesainishwa na ofisi ya ajira ya mji wake mara nyingi hakujua ni kituo gani angepelekwa wala fani gani angefundishwa. Alijua tu kwamba anaondoka.

Agosti 1965, mwaka mmoja tu tangu sheria isainiwe, Breckinridge ililipuka kwa vurugu kubwa, na magazeti ya nchi nzima yakapata picha yaliyokuwa yakiingoja. Kituo kilikuwa bado kipya. Waliopinga mpango walisema fujo ile ilithibitisha kwamba huwezi kuwakusanya vijana maskini mahali pamoja ukatarajia amani. Mimi nauona ushahidi ukielekea kwingine. Vituo vilivyojazwa kabla havijawa tayari ndivyo vilivyopata taabu mapema, na taabu ya kutokuwa tayari haihusu kuta peke yake. Inahusu saa za mchana zisizo na karakana, ratiba inayobadilika kila wiki, na kijana ambaye amefika kwa basi akitegemea kujifunza ufundi magari akaambiwa asubiri. Bweni lenye watu wanaosubiri bila kujua wanasubiri nini ni mahali pabaya, hata kama wote wangekuwa watoto wa wachungaji.

Mfano wa kinyume ni kijana mmoja wa Houston, Texas, aliyejiunga mwaka uleule wa 1965, akapelekwa kwanza Grants Pass, Oregon, kisha Parks, California. Alikuwa mkubwa wa mwili na mgomvi, na kwa kipimo chochote cha nidhamu cha leo pengine angefukuzwa mapema. Msimamizi mmoja wa Parks, Doc Broadus, alimshawishi apeleke ngumi zake ulingoni. George Foreman akatwaa dhahabu ya Olimpiki Mexico mwaka 1968, akawa bingwa wa dunia mwaka 1973, na mwaka uliofuata akaja Kinshasa kupigwa na Muhammad Ali, pambano ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili bado wanalijadili. Foreman mwenyewe aliisifu Job Corps maisha yake yote. Bila shaka mabondia wa dunia si matokeo ya kawaida ya chuo cha ufundi, na mpango wa taifa haujengwi juu ya mtu mmoja. Ninachokichukua kutoka kwake ni kidogo zaidi: ugomvi wake ulipungua pale alipoonyeshwa njia yenye hatua, mwalimu na siku ya kupimwa.

Neno usalama lenyewe halikumaanisha jambo moja nyakati zote. Katika miaka ya 1960 lilimaanisha usalama wa mji dhidi ya kituo. Vijana wengi, tena wengi wao weusi, walipelekwa karibu na miji midogo ya wazungu iliyoogopa ujio wao, na wakurugenzi walitumia muda mwingi kuwatuliza mameya na wenye maduka. Hata wasichana hawakusalimika. Mbunge Edith Green wa Oregon alipigania nao waingizwe katika mpango, lakini walipowekwa katika hoteli moja ya St. Petersburg, Florida, wakazi walilalamika, na kituo hakikudumu pale. Richard Nixon alipoingia madarakani mwaka 1969 aliihamishia Job Corps Wizara ya Kazi na kufunga vituo 59, akisema fedha nyingi zimetumika kwa faida ndogo. Katika miaka ya 1980 serikali ya Reagan ilitaka kuufuta mpango wote. Miongoni mwa waliouokoa walikuwemo Warepublican wenzake, hasa seneta Orrin Hatch, ambaye jimbo lake la Utah lilikuwa na vituo vyake. Vituo vilikwisha kuwa sehemu ya uchumi wa miji ileile iliyoviogopa.

Ni katika miaka ya 1990 ndipo hofu ilipogeuka ndani, ikawa hofu kwa ajili ya mwanafunzi mwenyewe. Mwaka 1995, baada ya Seneti kusikiliza ushahidi kuhusu fujo vituoni, wizara ilitangaza kanuni ya kutovumilia kabisa ukatili na dawa za kulevya: ukikutwa na kosa, unafungashiwa virago. Wanaoamini nidhamu kuliko kitu chochote huishika kanuni hii kama jibu, na wana hoja ya maana. Mwanafunzi anayeonewa bwenini hawezi kungoja mwenzake apate mwelekeo wa maisha. Mwenye kisu aondolewe leo. Hilo sina ubishi nalo. Lakini tazama yaliyofuata kanuni hiyo. Wakandarasi waliendesha vituo huku wakipimwa kwa idadi ya wanafunzi waliopo, waliohitimu na waliopata kazi. Kila kijana aliyefukuzwa alikuwa pengo katika hesabu hizo. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Kazi alieleza mwaka 2015 kwamba vituo vilishusha uzito wa makosa makubwa, yakaandikwa kama madogo, na wahusika wakabaki. Mwaka huohuo wanafunzi wawili waliuawa, mmoja wa kituo cha St. Louis na mwingine wa Homestead, Florida, na walioshtakiwa walikuwa wanafunzi wenzao. Kanuni ilikuwepo kwenye karatasi kwa miaka ishirini.

Tarakimu zilezile zilizoiharibu nidhamu ziliuharibu pia mpango wa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara iliweka utaratibu mzuri kwa maandishi: kila mwanafunzi aanze kwa wiki kadhaa za kupima uwezo na kuchagua fani, awe na mpango wake wa maandishi unaoitwa wa maendeleo ya kazi, na asindikizwe hata baada ya kuondoka hadi atulie kazini. Lakini kama mkandarasi anapata alama kwa ajira yoyote, ajira yoyote itatosha. Wakaguzi walikuta wahitimu wa useremala au uashi wakihesabiwa kuwa wamefaulu wakati wanakaanga viazi mgahawani, na wengine wamerudi kwenye kazi zilezile za mshahara mdogo walizoziacha walipojiunga. Mwanafunzi si mjinga. Anasikia habari za waliomtangulia, tena anazisikia mapema kuliko mkaguzi. Akishajua kwamba cheti hakimfikishi popote, mpango wake wa kazi unageuka fomu ya kujazwa mbele ya mshauri, na tishio la kufukuzwa linapoteza makali, kwa sababu unamfukuza kutoka wapi kwenda wapi?

Pingamizi zito zaidi linasema kosa ni bweni lenyewe. Wafundishwe mchana, walale kwao, na matukio yatapungua mara moja. Hesabu kweli zingepungua, kwa kuwa yatakayotokea usiku mtaani hayataandikwa na mtu yeyote wa Job Corps. Bahati njema, swali hili halihitaji kubahatisha. Kati ya mwishoni mwa 1994 na mwanzoni mwa 1996, taasisi ya utafiti ya Mathematica iliwaingiza katika kura ya utafiti wake waombaji waliofaa, ambao jumla yao ilikaribia 81,000. Kwa kura hiyo, wapatao 6,000 walizuiwa kujiunga kwa miaka mitatu, ili maisha yao yalinganishwe na ya wale walioruhusiwa. Ndani ya miaka minne asilimia 33 ya waliozuiwa walikamatwa na polisi, dhidi ya asilimia 29 ya walioruhusiwa, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, wakati wengi wakiwa bado vituoni. La muhimu zaidi kwa hoja yangu, walioruhusiwa kujiunga walitendewa uhalifu mara chache kuliko waliobaki mitaani. Bweni la Job Corps lilikuwa na hatari, ila lilipunguza hatari nyingine ambayo haikuonekana kwenye ripoti ya kituo chochote.

Utafiti huohuo una habari chungu, na anayeutumia kuutetea mpango hana haki ya kuificha. Kipato cha walioruhusiwa kilipanda hadi mwaka wa nne, kisha kumbukumbu za kodi zikaonyesha faida hiyo ikiyeyuka. Kundi lililobaki nayo ni la waliojiunga wakiwa na miaka 20 hadi 24. Watafiti walieleza kwamba hao walikaa muda mrefu zaidi kituoni, na wafanyakazi waliwaona wana ari na tabia nzuri kuliko wadogo zao. Mtu anaweza kusema umri tu ndio uliowatuliza. Labda kwa sehemu. Lakini kijana wa miaka 22 amekwisha kuonja kazi ya kibarua, huenda ana mtoto, na anajua fani anayoitaka na kwa nini anaitaka. Nidhamu yake na mpango wake wa kazi vimekuja pamoja. Wa miaka 16 anahitaji kujengewa alichokuja nacho mkubwa wake, na kazi hiyo ya mshauri, ya polepole na isiyo na tarakimu nzuri, ndiyo rahisi kukatwa bajeti inapobana.

Turudi basi kwenye yale matukio 14,913. Ndani yake yamo mashambulizi na makosa ya kijinsia, ambayo hata moja ni mengi mno. Yamo pia maelfu ya matukio ya dawa za kulevya, na zaidi ya safari 1,800 za hospitali, zote zimejumlishwa kana kwamba mwanafunzi aliyeugua na mwanafunzi aliyepigwa ni habari moja. Ripoti ya wizara iliyotoa hesabu hiyo haikuweka mizani upande wa pili: vijana hawahawa wangepatwa na nini wasingekuwapo pale. Swali hilo liliulizwa na kujibiwa miaka ya 1990, na wizara hiyohiyo ndiyo iliyolipia jibu. Juni 2025 jaji wa shirikisho mjini New York alizuia usitishaji kwa sababu za kisheria, kwamba vituo vilivyowekwa na Kongresi havifungwi bila kufuata taratibu ilizoziweka. Sheria ya mpango huu inawaruhusu pia wakimbizi kujiunga, na kwa familia zilizotoka Kongo kupitia kambi za Kigoma au Uganda, zikatua Marekani na kijana wa miaka 19 asiye na cheti, jambo hili si la mbali. Mzazi wa namna hiyo akiulizia kituo, maswali yake mawili, kama mwanawe atalala salama na kama atatoka na kazi, yanaweza kuanza kujibiwa kwa swali moja: wahitimu wa fani ile, wa mwaka jana na wa mwaka juzi, wako wapi leo?