Duara la Ndugu: Muir Woods, California

Miti hii iliyosimama duara ni ndugu. Katikati palikuwa na mredwudi mmoja mkubwa; shina likafa, mizizi ikabaki hai na kuchipua pembeni. Machipukizi yenyewe ndiyo haya majitu.

Waambieni watoto watazame juu. Kisha waguse gome: lina nyuzi kama kumbi la nazi, na kwenye mti mzee unene wake hufika sentimita 30, kinga nzuri dhidi ya moto. Ajabu ni koni yake: haizidi zeituni, nayo ndiyo hubeba mbegu za jamii ya miti mirefu kuliko yote duniani. Kiangazi mvua ni adimu, basi majani hunasa ukungu wa Pasifiki na kuudondosha mizizini.

Mwaka 1905 William Kent na mkewe Elizabeth walilinunua bonde hili. Kampuni ya maji ilipotaka kujenga bwawa hapa, waliipa serikali ekari 295, na Januari 9, 1908 Rais Theodore Roosevelt akazitangaza kuwa hifadhi. Rais alipenda iitwe Kent. Kent mwenyewe akakataa, akachagua jina la mtetezi wa mazingira John Muir.

Mizizi iko karibu na uso wa ardhi. Tafadhali msitoke kwenye njia ya mbao.