Uangalizi wa Mgonjwa Baada ya Upasuaji wa Uvimbe wa Neva ya Usikivu

Uvimbe wa neva ya usikivu, unaoitwa kitaalamu nyuroma akustika, huota taratibu kwenye neva ya nane, inayounganisha sikio la ndani na ubongo. Uvimbe huu si saratani, lakini ukikua huweza kukandamiza shina la ubongo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hufanyiwa upasuaji. Nchini Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ni miongoni mwa hospitali zinazotoa huduma za upasuaji wa ubongo. Kwa kuwa kidonda hupona mapema kuliko neva, sehemu kubwa ya uponaji hukamilikia nyumbani, mikononi mwa familia.

Kizunguzungu huwa kikali siku za mwanzo, kwa sababu ubongo umepoteza taarifa za usawa wa mwili kutoka upande mmoja. Ubongo hujifunza upya kwa kutegemea sikio la pili, macho na miguu, na hilo huchukua wiki hadi miezi kadhaa. Kumlaza mgonjwa kutwa nzima kwa kumhurumia huchelewesha mafunzo hayo. Anapaswa kutembea kila siku akisindikizwa, na kufanya mazoezi ya kichwa na macho aliyoelekezwa na mtaalamu wa utengamao. Gizani usawa hupungua zaidi. Hivyo anapokwenda msalani usiku ahitaji taa na mtu wa karibu.

Neva ya saba, inayoendesha misuli ya uso, hupita sambamba na neva ya nane, na huweza kudhoofika baada ya upasuaji. Uso ukipooza upande mmoja na jicho likashindwa kufumba, jicho hukauka na kupata vidonda vinavyoweza kuleta upofu. Matone ya macho hutumika mchana. Usiku hupakwa marhamu na kope hufungwa kwa utepe, kama daktari atakavyoelekeza.

Mgonjwa aliyepoteza usikivu wa sikio moja hushindwa kutambua sauti inatoka upande gani. Avukapo barabara, asitegemee honi ya pikipiki, bali atazame pande zote mbili.

Majimaji meupe kama maji yanayotiririka puani au kwenye kidonda yasidhaniwe kuwa mafua. Huenda ni maji ya ubongo yanayovuja, na huweza kufungua njia ya homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa mwenye dalili hiyo, au mwenye homa, shingo kukakamaa, kichwa kuuma kupita kiasi au kusinzia kusiko kwa kawaida, awahishwe hospitalini bila kuchelewa.

Kubeba mizigo mizito na kuendesha chombo cha moto kusubiri idhini ya daktari. Uchovu wa miezi kadhaa si uvivu. Aidha, mgonjwa anayejisikia mzima bado anapaswa kuhudhuria kliniki na kupigwa picha za MRI alizopangiwa, kwa kuwa uvimbe huweza kurejea kimyakimya.